Pimbi Anapima Maporomoko

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa maji yakianguka, na mtu akijidai ameyaangusha yeye.

Basi tegeni masikio.

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kiangazi kikiwa kimekausha visima vyote. Maji yalibaki mahali pamoja tu, chini ya maporomoko marefu kuliko yote nchini. Yalipendeza mno, yakishuka kama shuka jeupe lililoanikwa jabalini, vuuuu, mpaka bwawani. Na ndani ya bwawa alikaa Kiboko.

Kiboko alisema bwawa ni lake. Digidigi akaja na kiu, Kiboko akapanua domo, Digidigi akarudi na kiu yake. Ngiri akaja na kiu, Kiboko akapanua domo, Ngiri akarudi na kiu yake. Pimbi, aliyeishi katika nyufa za jabali, alikuwa na wana ambao ndimi zao zilikuwa zimekauka kama majani ya mahindi. Akawatazama, akajua hawatafika Ijumaa.

Akashuka na kamba ya magome begani. Ukoo wake na ukoo wa Kiboko ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumsema.

"Shikamoo, mtani mwenye mdomo kama kinu."

"Marahaba, mfupi wewe. Ukinywa nakutafuna."

"Nani anataka maji yako? Nimekuletea aibu yako. Kiboko wa ng'ambo ya milima anasema maporomoko yake ndiyo marefu. Haya yako, anasema, ni ya kuoshea vyombo."

Kiboko akaacha kutafuna. Akauliza nani kayapima. Pimbi akajibu kwamba hakuna, ndiyo maana amekuja. Ila akamkumbusha desturi ya nchi: kitu kikipimwa, mwenyewe ndiye mshika ncha ya kamba. Huiuma kwa meno, huelekea kinachopimwa, hageuki wala hasemi mpaka mpimaji amruhusu. Ncha ikidondoka, kipimo kimekufa, na mwenye kitu huitwa mwongo.

Kiboko akatoka bwawani, chubwi chubwi, akasimama uso ukielekea jabali, akauma ncha. Pimbi akapanda, paru paru paru, akiyakagua mafundo ya kamba kila hatua. Kamba ikakaza akiwa bado chini ya kilele. Akajibanza kwenye ufa, akapiga mluzi.

Digidigi akaja, akanywa, gugu gugu gugu.

"Mmm?" akaguna Kiboko.

"Bado, mtani. Ni maji yanapiga mawe."

Ngiri akaja, gugu gugu gugu.

"Mmm?"

"Bado, mtani. Kaza meno."

Wana wa Pimbi wakaja, gugu gugu gugu, mpaka matumbo yakawa ngoma.

"Mmm?"

"Bado, mtani. Umekaribia kuwa maarufu."

Jua lilipoinama, Pimbi akamruhusu aachie. Kiboko akageuka, akatazama chini.

"Mbona tope limejaa alama za kwato?"

"Mashahidi hao. Kipimo kisicho na shahidi ni porojo."

Kiboko akafikiri, akaona ni kweli, mtu mzito hushuhudiwa. Akauliza urefu ni kiasi gani.

"Kamba imepungua kidogo. Maji yako yameishinda, mtani. Nikiunga kipande, kesho tunamaliza."

Kiboko akacheka mpaka masikio yakamtikisika, akamwambia awahi, na mashahidi waongezwe.

Kesho yake asubuhi Pimbi aliamka kabla ya wote. Akaunga kipande cha kamba, kama alivyoahidi, akalikaza fundo, akalikagua tena. Kisha akaigeukia ncha ya pili, akakata kipande kirefu zaidi ya kile alichounga, akakitupia kwenye ufa, akashuka kumwamkia mtani wake.

Ngano yangu imekomea hapo: tamu yake mnywe, chachu yake mwachieni Kiboko. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msiwadanganye wakubwa. Kama mlivyojionea wenyewe, hakuna faida yoyote.