Kiwanja cha Chini ya Bahari

Tajiri Telesfori alikanyaga na viatu vyake juu ya mkeka wa Bi Mashavu, sheha wa kisiwa, akamsukumia mkataba wa kuchimba madini chini ya bahari.

"Gonga muhuri, Bi Sheha. Huko chini ni matope tu, hakuna kiumbe atakayedhurika."

"Sina neno, mwanangu. Ila andika kwamba utafuata mila yetu ya kuuziana viwanja."

Telesfori akacheka, akaandika, akatia saini. Mila za vizee zingemzuia nini? Bi Mashavu akagonga muhuri, akasimama.

"Haya, sasa vua viatu. Kwetu mnunuzi hakabidhiwi kiwanja mpaka aikanyage mipaka yote kwa miguu yake mwenyewe."

"Bi Sheha! Ni kilomita nne kwenda chini! Nitakufa!"

"Utakufaje, baba? Si umesema mwenyewe hakuna kiumbe atakayedhurika?"