Maji ya Nyuma ya Milima

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mtu na miguu yake.

Ikampeleka wapi?

Mbali kuliko akili.

Hapo kale aliishi msafiri, jina lake Vuai. Kazi yake ilikuwa kutembea; akirudi huandika aliyoyaona, na watu hujaa barazani kumsikiliza akisoma. Alikuwa na binti mmoja tu, Mwanakombo, aliyefiwa na mama. Maneno ya babake aliyahifadhi yote kwa moyo. Kila safari aliomba kwenda naye, na kila mara aliambiwa asubiri akue.

Siku moja Vuai akavuka milima, akafika penye ziwa zuri ajabu. Kumbe ni la zimwi. Likamkaba shingo.

"Nikuache au nikule?"

Vuai, na ushujaa wake wote ule wa barazani, akalia.

"Basi nenda ukaandike," likasema zimwi. "Andika maji, andika maua, andika ndege. Mimi usiniandike."

Akaandika. Maji matamu, maua meupe, ndege wa dhahabu. Kilio chake alikionea aibu, kwa hiyo zimwi akalinyamazia.

Watu wakasikia, wakatamani, wakaenda. Hawakurudi. Waliobaki wakasema, pazuri namna ile nani atarudi? Vuai alijua, akanyamaza.

Siku moja akaamka, akakuta kitanda cha Mwanakombo kitupu. Majirani wakamwambia ameshika njia ya milimani, amesema sasa amekua.

Vuai akakimbia, akaanguka, akainuka, akakimbia. Alipofika, zimwi lilikuwa limejilaza, limeshiba. Ndani ya tumbo lake sauti anayoijua ilikuwa ikisema:

"Maji matamu, maua meupe, ndege wa dhahabu. Baba, mbona giza?"

Akachomoa kisu, akalichoma zimwi. Kisu kikapinda. Akaliomba limmeze na yeye.

"Wewe sikuli," likasema. "Wewe ndiye unayenilisha."

Basi akarudi, akaandika kweli yote. Watu wakamcheka, wakasema anataka ziwa liwe lake peke yake. Maskini Vuai, hakusafiri tena. Alikaa mwanzo wa njia ile mpaka uzeeni, akimsihi kila apitaye. Wengine waligeuka. Wengine walimsalimu vizuri, wakapita.

Hadithi yangu naiacha papo hapo njiani, alipokaa. Nanyi mkisimulia safari zenu, simulieni na hofu yenu, maana yupo mtoto anayewaamini.