Kiboko Aliyetaka Vichwa Bila Matumbo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa ukungu!
Na ndani ya ukungu?
Shule!

Haya. Wewe uliyejikunja pale pembeni, unasinzia? Sinzia tu, mwanangu. Hadithi hii haina ugomvi na usingizi.

Hapo zamani, kando ya mto uliokwenda polepole kama uliosahau njia, palikuwa na shule ya sekondari ya wanyama. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka majini, ukaingia madarasani bila hodi, ukakaa kwenye madawati. Mwalimu Mkuu alikuwa Kiboko. Tumbo lake lilitangulia ofisini, yeye akafuata.

Kiboko alikuwa na tamaa mbili. Ya kwanza, makande. Kila mwaka Bi Korongo, mkaguzi wa shule, alikuja kuhesabu vichwa, na vichwa vikiwa vingi, magunia ya mahindi na maharage yalikuwa mengi. Ya pili, sifa. Mwezi mmoja baadaye ulikuja mtihani wa mwisho, na shule isiyofelisha hata mtoto mmoja, mkuu wake alivishwa shada la maua akapigiwa vigelegele. Kiboko alitaka magunia, na shada alilitaka pia.

Basi hufanyaje? Akishapokea magunia, huanza kupita darasani, tii, tii, tii, sakafu inatetemeka. Akimwona anayesitasita kujibu, humfukuza, asije akafeli. Ila mwaka ule tamaa ilimtangulia. Hakungoja hata hesabu ya vichwa.

Punda akasitasita kwenye historia. Kiboko akanguruma, "Kichwa chako kizito, kwenu ni karibu. Nenda!" Punda akaenda.

Kanga akasitasita kwenye jiografia. "Kichwa chako kizito, kwenu ni karibu. Nenda!" Kanga akaenda.

Kobe naye akaulizwa swali. Kobe hakuwa mjinga hata kidogo, ila alifikiri taratibu. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, lakini lilipofika, Kobe mwenyewe alikuwa ameshatolewa mlangoni. Wakafuata wengine wengi, na makande yao wote yakabaki sufuriani. Mnajua yalikokwenda, msinilazimishe kuseng'enya.

Kobe alikuwa akikaa dawati moja na Digidigi. Digidigi alimpenda kama ndugu, na sasa dawati likawa pana mno, likamuuma kulitazama. Tena yeye mwenyewe hesabu zilimshinda, akajua zamu yake i njiani. Kila alfajiri mama yake alimsindikiza hadi langoni, akatabasamu, akarudi zake porini. Digidigi alijiuliza: siku nikifukuzwa, mama huyu nitamwambia nini?

Lakini sikilizeni jambo. Waliofukuzwa hawakuacha kuja. Kengele ya rimu ya gurudumu kuukuu ilipolia, ngaa, ngaa, miguu yao iliamka kabla vichwa havijakumbuka kwamba wamefukuzwa. Walijikuta wamesimama nje ya uzio wa minyaa, ndani ya ukungu, masikio yameelekea darasani. Ukungu ukiyeyuka, hawapo. Digidigi hakuwa na hakika kama anawaona au anawaota. Siku moja akasogea dirishani akaimba kwa sauti ndogo:

"Mlio nje, mpo?"
"Tupo, tupo."
"Mmelala au mko macho?"
"Hatujui. Tupo."

Basi habari ikaja kwamba kesho Bi Korongo anafika kuhesabu. Kiboko akachungulia madarasani. Lo! Madawati matupu, ukungu peke yake ndio uliohudhuria. Akakimbilia shambani, akaleta maboga, akayapanga juu ya madawati na kuyavika kofia.

Digidigi akasimama mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Usinisumbue."

"Sikusumbui. Nasema tu, maboga hayapigi chafya. Bi Korongo atajua."

Kiboko akakaa chini, puu! "Nimekwisha!"

"Hujakwisha. Nitakuletea vichwa."

"Vichwa sawa, lakini matumbo sitaki! Wahesabiwe, halafu waende zao bila kuonja hata punje."

"Vichwa tu, Mwalimu Mkuu. Na kila kichwa kiiname, kalamu mkononi. Bi Korongo hatatazama nyuso. Atasema, tazama watoto wanavyosoma!"

"Mbwoho! Mbwoho!" Kiboko akacheka hadi maboga yakaanguka. "Wainame! Naamuru wainame!"

Digidigi akaenda uzioni, akawaeleza wenzake. Punda akakunja uso. "Tukahesabiwe, halafu tufukuzwe tena? Mimi si gunia."

"Njoo na yale uliyoyasikia hapa uzioni," Digidigi akamsihi. "Mengine niachie mimi."

Kobe akafikiri, akafikiri tena. "Nitakuja," akasema. "Ila ngoja nianze kutembea sasa hivi."

Digidigi akatoka mbio, ti-ti-ti-ti, hadi kivukoni. Akamkuta Bi Korongo amepumzika, miguu ndani ya maji, maksai wa mizigo wakila majani kando yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Miguu inaniuma. Miguu mirefu, na maumivu yake marefu."

"Pole, bibi. Na bahasha hiyo chini ya bawa?"

"Mitihani yenu. Nitarudi nayo mwezi ujao."

"Kwa njia hii hii? Tope hili hili?"

"Hii hii, mjukuu wangu."

Digidigi akaguna kwa huruma, na kweli alimhurumia. "Kumbe! Na kesho sote tutakuwa tumekaa, vichwa vimeinama, kalamu mkononi. Mwalimu Mkuu mwenyewe ameamuru."

Bi Korongo akaitazama miguu yake ndani ya maji. Akaitazama kwa muda mrefu sana.

Kesho yake ukungu ulishuka mzito kuliko siku zote. Madawati yalijaa. Bi Korongo akapita katikati yake, akigusa kwa mdomo: kichwa, kichwa, kichwa. Kiboko akatabasamu. Magunia yakashushwa, puu! puu! puu! Kiboko akameza mate.

Kisha Bi Korongo akachomoa bahasha, akaichana, chwaa! "Na sasa, mtihani."

"Mtihani?" Kiboko akaruka. "Leo? Bi Mkaguzi, hawa... hawa si..."

"Si wanafunzi wako? Basi nipakie magunia yangu niondoke nayo."

Kiboko akatazama magunia. Akatazama vichwa. Akatazama magunia tena.

"Ni wanangu kabisa," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikitoka kwake.

Wakaandika. Ukungu uliwafunika, na ndani yake kila mmoja alisikia masomo yakirudi, polepole, kama yalivyovuka uzio. Punda aliandika amefumba macho. Kobe aliandika neno, akapumzika, akaandika neno. Wengine wakamaliza, ukungu ukaondoka, jua likapanda, Kobe bado. Bi Korongo alimngoja. Alikuwa amekaa, na kukaa kulimpendeza.

Kisha akasema, "Niliowahesabu ndio walioandika, na walioandika ndio watakaokula." Akapakua makande mwenyewe. Kiboko akapewa ukoko.

Matokeo yakatoka. Kobe alifaulu vizuri mno. Kanga akafaulu, na Punda pia, isipokuwa historia. Na Digidigi, mjanja wetu? Hesabu zikamwangusha chini chali.

Kiboko akadakia, "Nilijua! Kichwa chako kizito, kwenu ni..."

"Huyu namhesabu tena mwakani," Bi Korongo akamkatiza. "Atarudia hesabu zake, na gunia lake nitalileta."

Baraza la wanyama likaridhia, likaweka sheria: kuhesabu na kutahini ni siku moja, na anayefeli habanduliwi dawatini wala hanyang'anywi sahani. Shada halikuonekana. Kiboko akashikwa na aibu, akaingia mtoni, na mpaka leo mchana hutaona ila kichwa chake, tumbo amelificha majini.

Siku ile Digidigi alimkuta mama yake langoni. Moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu kufeli kunauma hata kwa mjanja.

"Mama, nimefeli hesabu."

Mama akageukia njia ya porini. "Basi tena. Umefukuzwa."

"Hapana, mama. Nimefeli, na kesho naenda shule."

Mama akamwangalia mwanawe, asielewe. Alipoelewa, akalia.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyelala aamshwe, aliyekesha alale.

Na fundisho lake ni hili, lishikeni sana: mtoto akiwa mzito wa masomo, mfukuzeni upesi, apate nafasi ya kusimama nje ya uzio ajifunze vizuri. Na mnapochagua mkaguzi wa shule, elimu yake msiiulize. Ulizeni kama miguu inamuuma.