Mchuzi wa Lusajo

Sogeeni, na mwenye chakula mdomoni ameze kwanza. Hadithi hii inaharibu hamu ya kula.

Palikuwa na watu watatu. Ambilikile, mkulima, alijua mvua inakuja kabla mawingu hayajakusanyika. Sekela, mpimaji wa vyakula wa serikali, hakuwahi kukosea kipimo. Na Bibi Tupokigwe alipika maharage hata mgonjwa akaomba kuongezwa. Wote walimpenda Lusajo, mjukuu wa bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya.

Mwaka huo Ambilikile alinusa mvua ya mapema. Maharage yalikuwa bado mabichi. Yangeoza shambani na kijiji kingelala njaa. Akabeba bomba la kupulizia mgongoni, akayapulizia dawa ya magugu ili yakauke upesi. Yakakauka, yakavunwa, na mvua ikakuta shamba tupu.

Sekela akaja kuyapima. Dawa ilikuwemo, ila chini ya kiwango cha serikali.

"Kiwango hicho kimewekewa mlaji gani?" Ambilikile akamuuliza.

"Mtu mzima, anayekula maharage siku mojamoja."

Sekela akavitazama vyungu vya kijiji kile, asubuhi maharage, jioni maharage. Roho ikamuuma. Lakini sheria haikumpa nafasi ya kukataa, akaruhusu yaliwe.

Bibi akapika. Kwao maji ya kulowekea hayamwagwi, ndiyo yenye ladha. Aliyachemsha maharage humo humo yakawa mchuzi mzito, akamnywesha Lusajo kila mlo.

"Maliza, mume wangu, upate nguvu."

Mtoto akavimba, akanyong'onyea, akafa. Daktari alisema ni ile dawa, imetoka mchuzini ikajaa mwilini kidogo kidogo.

Sasa, katika kijiji kile, aliyesababisha kifo hatupi udongo kaburini. Itika, mama wa mtoto, akasimama ukingoni, macho yamekauka.

"Aliyemuua mwanangu arudi nyuma."

"Niliyepulizia ni mimi," akasema Ambilikile, akarudi nyuma.

"Niliyeruhusu ni mimi," akasema Sekela, naye akarudi nyuma.

 Bibi akawafuata nyuma, bado ameshika kibakuli cha mjukuu wake.

Itika akawatazama. "Wote? Na ninyi ndio mliompenda. Nitamzika na nani?"

Ambilikile akainua uso. "Mama Lusajo, mvua inakuja."

Haya, ninyi mlioshiba. Kaburi liko wazi na mvua inakuja. Kati ya hao watatu, nani umnyime udongo, na nani umpe jembe? Je, wewe ungeamua vipi?