Neno la Njiani

Neno la njiani halivunji la kikaoni. Hivyo ndivyo mwenyekiti wetu wa mtaa alivyomkatiza yule kijana leo asubuhi, kijana alipomfuata nje baada ya kikao na kuanza kumnong'oneza habari za taa za barabarani. Nyinyi mkacheka, kisha mkaja moja kwa moja kuniuliza msemo huo umetoka wapi, kana kwamba uzee ni ofisi ya maulizo. Haya, kaeni. Nilipousikia mara ya kwanza ulikuwa mpya kabisa, na waliokuwa wakiusema hawakuwa wakicheka. Haukuja na jahazi wala haukuachwa na mababu. Ulizaliwa hapa hapa Bombani, mtaa wa madukani, mwaka ule lami ilipokuwa inakuja.

Kwanza muijue desturi ya mji huu, maana nyinyi mmeikuta imeshachakaa. Watu wa Bombani hawakumkatalia mgeni mbele za watu. Mtu akija kuposa alikaribishwa ndani, akalishwa, akasifiwa ukoo wake mpaka akaona tayari ameoa. Jibu lenyewe alipewa wakati wa kusindikizwa. Mwenye nyumba alitembea naye taratibu, wakazungumza mvua na mahindi, na wakifika kona ya kanisani mwenyeji alikohoa kidogo akasema, "Sasa ndugu yangu, lile jambo lako." Kama jibu ni hapana, mgeni aliipokea pale pasipo na mtu wa kumtazama usoni, akaenda zake na heshima yake mkononi. Mimi siidharau desturi hiyo. Imewaepusha wengi na aibu. Watu wa vijiji vya jirani waliijua vizuri, wakawa wanaonyana kwamba mtu wa Bombani akikuambia "ngoja nikusindikize," kaa chonjo.

Mtaa wa madukani siku hizo ulikuwa na barabara ya vumbi katikati. Upande mmoja yalikuwepo maduka ya vitambaa yenye vibaraza virefu vilivyoezekwa bati. Upande wa pili lilisimama ghala la zamani la katani, limeachwa miaka mingi, mlango umeoza na ndani wamejaa popo. Kwenye vibaraza vile vya maduka walikaa mafundi cherehani. Mteja alinunua kitambaa ndani, akitoka tu mlangoni anakutana na fundi, anapimwa amesimama, anaendelea na safari yake ya sokoni. Akirudi anakuta nguo imekunjwa inamngoja. Mwenye duka hakumtoza fundi kodi ya kibaraza, kwa sababu alijua bila fundi pale nje, kitambaa chake hakitoki ndani.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa Zahabu Mdoe. Alikaa kwenye kibaraza cha Mzee Kilua, mahali alipofundishwa kazi na shangazi yake tangu hajaolewa, na shangazi alipozeeka akamwachia kiti. Zahabu hakuwa na bango wala kadi. Tangazo lake lilikuwa kupitiwa na watu. Aliyechanika mfuko, aliyekatika zipu, bibi harusi aliyenenepa wiki ya ndoa, wote walimkuta pale pale njiani mwao. Ukimwondoa kwenye kibaraza kile, alikuwa mwanamke mwenye cherehani tu, kama wengine wengi wa mji huu.

Ndipo zikaja habari kwamba halmashauri italeta lami, barabara itapanuliwa, na vibaraza vya maduka vitavunjwa. Mafundi wangejengewa vibanda nyuma ya machinjio.

Kwa wiki nzima mtaa haukuwa na habari nyingine. Vijana wa baiskeli za kukodisha waliitaka lami hata kama ingepita juu ya kitanda cha mtu. Mama mmoja muuza chapati alisema maendeleo ni kama mvua, huwezi kuichagulia shamba. Mzee Kilua aliitaka lami, kwa kuwa malori ya mizigo yangefika mlangoni, lakini hakutaka kibaraza kivunjwe, kwa sababu hakuna mtu atakayenunua kitambaa kwake akakipeleke kushonwa kwenye nzi wa machinjio. Walibishana mpaka kahawa ikawa inapoa vikombeni.

"Hata mimi lami naitaka," alisema Zahabu, huku anatia uzi kwenye sindano. "Vumbi hili linaniulia mashine. Ila niambieni, lile ghala pale ng'ambo lina kazi gani? Barabara si ipanuliwe upande ule? Wale popo hawashoni, hawauzi, hawalipi ushuru."

Watu wakageuka kulitazama ghala kana kwamba limejengwa jana. Hata vijana wa baiskeli walikubali. Lilikuwa neno lenye akili, na halikumwumiza mtu.

"Basi tumwambie huyo bwana wa halmashauri akija," alisema mmoja.

"Tutamwambia," akasema Mzee Kilua. "Tukimsindikiza."

Hakuna aliyeona kasoro. Zahabu mwenyewe hakuiona.

Afisa aliyetumwa aliitwa Nyondo, kijana wa kutoka mikoa ya kusini, mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi la Bombani. Kikao kilifanyika katika darasa la shule. Alibandika mchoro ubaoni, akaeleza mtaro utapita wapi, nguzo zitakaa wapi, na vibaraza vitavunjwa kuanzia wapi mpaka wapi. Hakuficha kitu. Alipomaliza akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti, kisha akasimama anangoja.

Darasa likawa kimya. Zahabu alikuwa amekaa dawati la mbele, neno la ghala analo mdomoni. Alimtazama Mzee Kilua. Mzee Kilua akamkonyeza kwa maana kwamba subiri, mambo bado. Kumbe mgeni naye alikuwa anasubiri, na alisubiri muda mrefu kuliko wengi wangevumilia. Mwishowe mwenyekiti wa siku hizo, Semkiwa, aliona haya kwa niaba ya mji mzima. Akasimama akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akamshukuru kwa mchoro mzuri, akaomba wanaokubali wanyooshe mikono ili mgeni asiondoke na unyonge. Mikono ikanyooka darasa zima. Wa Zahabu pia ulinyooka. Wakapiga makofi, Semkiwa akafunga kikao kwa sala, na Bwana Nyondo akaviringisha mchoro wake anatabasamu. Aliona hajapata kukutana na watu wepesi namna hii.

Gari lake alikuwa ameliacha ng'ambo ya mto kwa sababu daraja lilikuwa bovu. Kwa hiyo walimsindikiza kwa miguu, Mzee Kilua kulia kwake, Zahabu kushoto, na kundi la watu nyuma. Walizungumza mvua. Walizungumza mahindi. Walipofika kona ya kanisani Mzee Kilua akakohoa.

"Sasa mwanangu," akasema, "lile jambo lako. Tumelitazama, tukaona vibaraza vile tusivivunje."

Bwana Nyondo akacheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Alipoona hakuna mwingine aliyecheka, akasimama. "Mzee, unasemaje?"

Zahabu akamweleza. Alimweleza ghala, popo, mteja anayetoka dukani na kitambaa mkononi, vibanda vya nyuma ya machinjio ambako hapiti mtu ila mwenye ng'ombe. Alieleza vizuri kabisa, bila kutafuta neno hata moja. Bwana Nyondo aligeuka akautazama mtaa wa madukani kwa mbali, akawa anapima kwa macho.

"Upande wa ghala inawezekana," alisema polepole. "Inawezekana kabisa. Mama, hili neno ni zuri. Mbona hukulisema kule ndani?"

"Kule ningekuvunjia heshima. Wewe mgeni."

"Heshima gani, mama? Mimi nililetwa nije kusikia hilo hilo."

"Basi turudi. Watu hawajatawanyika, nitalisema mwenyewe."

"Kikao kimeshafungwa. Tena kwa sala. Niliuliza, hakujibu mtu. Mikono ilinyooka, na wako niliuona."

"Niliunyoosha kwa adabu tu, baba!"

Bwana Nyondo akashusha pumzi. "Nikifika nitaulizwa waliokataa walikuwa wangapi. Niwaambie walikataa wote, ila njiani?"

"Ndiyo, waambie hivyo hivyo," akasema Mzee Kilua, na alisema kwa moyo mweupe, akiamini mambo yamekwisha. Akamshika mkono mgeni, akamtakia safari njema. Wakati wa kurudi, watu walikuwa wachangamfu, maana kila aliyekuwa na neno alikuwa amelitua. Zahabu peke yake alitembea nyuma yao.

Yule kijana aliwaambia kweli. Tulikuja kusikia baadaye kwamba alisimama mbele ya wakubwa wake akaeleza habari ya ghala na ya kona ya kanisani. Wakubwa wakamwuliza kama barabara nayo ina mwenyekiti. Wakacheka, wakapitisha walichopitisha.

Tingatinga lilifika kabla ya masika. Vibaraza vilivunjwa mchana, watu wamesimama wanatazama, na bati zikachukuliwa kuezekea vile vibanda vya machinjioni. Lami ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Vumbi lilikwisha, malori yakafika mlangoni kwa Mzee Kilua, naye akawa hana cha kupakua. Vitambaa vilimkalia mpaka vikapauka, akaishia kuuza saruji. Ghala lilibaki pale pale na popo wake.

Mafundi walivumilia vibandani muda mfupi. Hakuna bibi harusi anayekwenda kupimiwa gauni penye harufu ya damu. Mmoja mmoja walihama, na Zahabu akairudisha cherehani nyumbani kwake, kwenye kichochoro ambacho hata mbuzi wanakisahau. Alishona viraka vya majirani, na siku nyingi hakushona kitu. Alikuwa na uchungu mkali, lakini watu walipomtukana Nyondo mbele yake aliwakataza. Alisema aliyembomolea kibaraza ni mkono wake mwenyewe, na kila akiutazama unamchukiza.

Miaka ikapita, Bwana Nyondo akaja tena. Safari hii mchoro wake ulihusu uwanja wa bomba, pale wanawake wanapopanga mboga alfajiri. Kuna tajiri alitaka uzungushwe ukuta ufanywe maegesho ya mabasi. Wanawake wa mboga walifika kikaoni wote, na nyuso zao zilikuwa na amani, kwa sababu jana yake walikuwa wamepatana ni nani atakayesema, na atasemea wapi. Mzee Kilua alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kusindikizia.

Zahabu hakuwa na fungu hata moja la mchicha kwenye uwanja ule. Alikuja na kukaa nyuma. Bwana Nyondo alipomaliza kueleza, akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti, na darasa likawa kimya kama mara ile.

Zahabu akasimama.

Mzee Kilua alimvuta khanga. "Kaa chini, Zahabu. Huyu ni mgeni. Utamwambia njiani."

"Nilimwambia njiani!" Sauti yake ilipasua chumba kizima. "Nilimwambia kila kitu, akanisikia, akanikubalia. Kibaraza changu kiko wapi, Mzee Kilua? Neno la njiani halivunji la kikaoni."

Semkiwa alijifunika uso kwa kofia. Mwanamke mmoja alisema "astaghafirullah" kwa sauti. Hakuna aliyewahi kuona mtu mzima akisimama kumwumbua mgeni namna ile. Lakini Zahabu hakukaa.

"Bwana Nyondo, karibu tena Bombani," alisema. "Chakula kipo, na tutakusindikiza. Uwanja hatuutoi. Andika."

Bwana Nyondo akaandika. Kisha akainua kichwa akauliza, "Mwingine?"

Watu wakatazama madawati, na kwa kitambo kile Zahabu aliona dunia nzima imemwacha amesimama peke yake. Halafu muuza nyanya mmoja akanyanyuka nusu, kama mtu anayetaka kuomba ruhusa ya kwenda nje, akasema kwamba yeye pia hautoi. Akafuata mwingine. Ilipofika zamu ya mikono, wanaokubali maegesho walikuwa wachache wa upande wa tajiri, pamoja na mzee mmoja ambaye hunyoosha mkono kila akiona wenzake wananyoosha. Ule uwanja ndio huo mnaonunua mboga kila siku bila kuuliza umebakije.

Siku hiyo walimsindikiza Bwana Nyondo mpaka kwenye gari. Walizungumza mvua na mahindi, wakafika kona ya kanisani wakaipita, na hakukohoa mtu.

Wanawake wa mboga walikwenda kwa Zahabu kumshukuru. Aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasema si kitu. Walipoondoka alirudi kwenye cherehani yake, kichochoroni kule, akakaa hana cha kushona. Hapana yake ilikuwa ile ile, ikatoka kwa mdomo ule ule, ikaenda kwa mgeni yule yule. Hii iliwabakizia wenzake uwanja. Ile ya kwanza, iliyokuwa ya kujiokoa mwenyewe, aliisemea kona ya kanisani.

Neno la njiani halivunji la kikaoni.