Kivuli cha Kanga ya Jirani

"Umeyarudisha tena, Debora! Yamerudi asubuhi hii, nimeyasoma kwa macho yangu haya."

"Mimi? Jana si nimeyafuta ukiwa umesimama hapohapo, dada? Ukacheka, ukaniambia Mungu akubariki."

"Nilikubariki, kumbe unangoja nikalale! Wifi yako naye anapika pilau za harusi siku hizi, au unadhani sijasikia?"

Kivuli hakitoki kwa ufagio. Mmemsikia muuza maandazi akimwambia mwenzake hivyo hapo nje, mkacheka, mkaniuliza ni methali ya wapi. Ni ya hapahapa. Ilizaliwa mtaani kwetu, chini ya milima ya Uluguru, katika ugomvi huo niliowaanzishia katikati, maana hata sisi majirani tuliukuta katikati. Sogeeni kidogo. Aliye mlangoni aingie, nafasi ni ya kubanana tu.

Bi. Zamoyoni alikuwa mpishi wa harusi. Sufuria lake likifunuliwa, hata ukungu wa mlimani ulikuwa kama unasita kupanda, unataka unuse kwanza. Yeye na jirani yake, Debora Mloka, walitenganishwa na uzio wa michongoma unaofika kifuani, na juu ya uzio huo walipeana chumvi, moto na habari za watu. Debora ndiye aliyeitunza tovuti ya mtaa. Aliijenga kwa programu ya kupanga kurasa, kama mtu anavyopanga vyombo kabatini.

Lakini makala zenyewe hazikuandikwa humo. Kila mwandishi aliandika kwenye faili lake, na kwa desturi yetu hakuna aliyegusa maneno ya mwenziwe. Debora alisoma, na akiridhika aliweka alama ya kijani ya idhini. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya plagini, kijiprogramu alichokibandika kwenye tovuti. Kila alfajiri kilipita kwenye mafaili, kikabeba makala zote zenye alama ile na kuzipanga kwenye kurasa. Mjumbe asiyechoka, na asiyeuliza swali. Tuliamka tukakuta habari zimeshatandikwa kama kitanda cha wageni.

Mwaka huo Bi. Zamoyoni alikwenda Kilosa kumuuguza dada yake, akakaa masika nzima. Mzee Anselmi, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye aliandika kama alivyoshona, kwa mkono laini, akapita uani kwake. Akaona mafiga yamepoa na kuku wamelala jikoni. Akaandika makala ya huzuni tamu: Bi. Zamoyoni amezima jiko lake. Debora, ambaye naye alishakata tamaa kwamba shoga yake atarudi, aliisoma, akapangusa macho, akaweka alama.

Dada akapona, Bi. Zamoyoni akarudi. Jiko likawaka, lakini hapakuwa na wa kubisha hodi. Watu walikuwa wamesoma. Wengine walimpigia simu kumpa pole ya kustaafu. Na wiki hiyo mashangazi wa bibi harusi mmoja wa Kihonda walikuwa wanatafuta mpishi, wangechagua Ijumaa. Harusi hiyo ikimpita, jiko lingezimika kweli, kwa sababu mpishi wa harusi hukumbukwa kwa harusi ya mwisho.

Debora akaingia kwenye tovuti, akaandika: Bi. Zamoyoni anapika. Alfajiri maneno ya zamani yakarudi. Akayafuta, yakarudi. Akauondoa ukurasa mzima, na kulipopambazuka ukurasa ulikuwa umekaa mahali pake, kama umeoga na kuvaa. Mtaa ukaanza kunong'ona. Mmoja akasema maneno yakishaandikwa hupata roho. Mwingine, simtaji maana bado anapita hapa, akasema tazameni wifi wa Debora, naye ameanza kupika harusi. Siku zile tuliishi kama watu walioamka nusu. Kabla ya kunawa uso tulishika simu tuone kama yamerudi, na ukungu ukishuka mlimani, nayo yameshuka pamoja nao.

Ndipo ikafika Alhamisi, na ugomvi ule juu ya uzio.

"Basi usivuke tena kizingiti changu," Bi. Zamoyoni akamalizia. Akashika ufagio wa chelewa, akaanza kufagia ua, machozi yamemjaa. Karibu na uzio palikuwa na doa jeusi. Akalifagia. Likatikisika kidogo, likatulia palepale. Akalirudia kwa nguvu, vumbi jekundu likapanda mpaka kifuani.

"Dada," Debora akamwita kutoka ng'ambo. "Unafagia nini?"

"Uchafu wako."

"Hicho ni kivuli. Kivuli cha kanga yangu."

Kweli. Kanga ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya Debora, na jua la asubuhi lilikuwa limeitupa upande wa pili. Debora akanyoosha mkono, akaianua. Doa likaondoka lenyewe.

Wote wawili wakapaangalia mahali pale peupe. Kisha Debora akakaa juu ya ndoo.

"Yesu wangu. Nami nimekuwa nafagia hivyohivyo. Nafuta kwenye tovuti, kumbe makala yenyewe bado imeanikwa kwenye faili la Mzee Anselmi, ina alama yangu ya kijani. Plagini ifanye nini? Inabeba kilichoidhinishwa. Aliyekiidhinisha ni mimi. Naweza kuiondoa alama, lakini ukurasa utabaki mtupu; wa kuandika upya ni mzee mwenyewe."

"Kwa hiyo si wifi yako?"

"Wifi yangu hata ugali unamshinda, dada!"

Bi. Zamoyoni alitaka kucheka, akajizuia. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda mwenyewe kwa Mzee Anselmi.

"Mimi siandiki nisichokiona," mzee akamjibu. "Niliona jiko limelala. Niseme limeamka kwa ushahidi gani?"

"Lete hiyo pua yako, Mzee. Ndiyo itakayoandika."

Mchana ule karafuu na iliki zilitembea mtaa mzima kama ndoto inayomtafuta mwenyewe. Mzee Anselmi akala, akaongezwa, akanawa, akafungua simu yake palepale mkekani na kuandika upya. Debora, ng'ambo ya uzio, akasoma neno kwa neno, mara hii hakupangusa macho, akaweka alama.

Ijumaa alfajiri tukashika simu zetu. Jiko la Bi. Zamoyoni linawaka, pitieni mnuse. Tukangoja. Jua likapanda, ukungu ukaondoka, maneno yakabaki.

Kabla ya adhuhuri mashangazi wa Kihonda walikuwa wamekaa mkekani, vidole vinang'aa mafuta, wanagombania tarehe. Ua ulijaa. Sisi majirani tulijialika, kama kawaida yetu. Debora peke yake alisimama nje ya kizingiti, kanga yake ameikunja mkononi.

Bi. Zamoyoni akamwona, akaweka upawa chini.

"Na wewe, unalinda mlango?"

"Uliniambia nisivuke."

"Neno hilo lilitoka mdomoni mwangu, basi nalifuta kwa mdomo huuhuu. Kivuli hakitoki kwa ufagio, mwenzangu. Ingia ule, pilau linapoa."