Kwa Nini Wana Udugu wa Taa Huwatania Wafu Wao

Wageni wetu, mnashangaa mkitusikia tunawacheka marehemu mbele ya mishumaa yao. Zamani haikuwa hivyo. Mtu akifa, hata kama alikuwa mkorofi wa kupindukia, alisifiwa mpaka jeneza lione haya. Chama chetu, Udugu wa Taa, kilianzishwa na wachimba madini wa milima hii ya Meksiko, waliokula kiapo kwamba hakuna ndugu atakayesahauliwa. Kila mwanzo wa Novemba, wafu wanaporudi kututembelea, walitandika meza ukumbini: mishumaa, mikate mitamu, mafuvu ya sukari, na njia ya maua ya manjano kutoka barabarani ili marehemu asipotee.

Mwaka aliokufa Krisanto, mpiga tarumbeta, walimwandalia makubwa. Mkuu wa chama, Mzee Hilario, akasimama kumsifu: mpole, msikivu, fundi wa muziki. Mshumaa wa Krisanto ukazimika. Wakauwasha, ukazimika tena. Watu wakaingiwa na hofu, kwa maana marehemu asipofika mwaka wake wa kwanza, husahau njia ya kwao milele.

Hapo mjane wake, Eulalia, akainuka.

"Shemeji zangu, huyo mnayemsifu mimi simjui. Mume wangu ataingiaje nyumba ya mtu mwingine?"

"Shemeji, marehemu hasemwi vibaya," Hilario akamwonya.

"Basi mtamkosa."

Akaondoa mikate mitamu, ambayo Krisanto hakuipenda kamwe, akaweka sufuria ya maharage yaliyoungua, aliyokuwa akiyakomba mpaka chini. Kisha akasema huku machozi yakimtoka, "Wewe mwanamume mbishi! Tarumbeta yako ilikimbiza kuku wa mtaa mzima. Njoo nyumbani, nimechoka na huu ukimya."

Wa kwanza kucheka alikuwa Hilario mwenyewe. "Na kofia yangu uliikalia ukakana katakata!" akapaza sauti. Kila ndugu akaongeza lake, wakicheka na kulia. Wakauwasha tena mshumaa; ukashika, mwali ukasimama wima. Asubuhi walikuta sufuria imekombwa.

Katika chama chetu hakuna ninayemheshimu kama Eulalia, ingawa hakuwahi kuwa mwanachama.

Na tangu siku hiyo, ndugu yetu akifa, tunamwuliza mjane wake kwanza: alikuwa akikuudhi kwa lipi? Hilo ndilo tunaloanza nalo mezani. Mimi nimeshamsihi mke wangu asiache kuutaja ubishi wangu, nisije nikafika mlangoni, nikasikia sifa, nikadhani ni msiba wa mtu mwingine, nikapita.